Picha ya Kumi na Nne

Picha zilikuwa ishirini na sita, za watoto ishirini na sita, na kila moja ilikuwa nzito kuliko uwezo wa antena ya intaneti ya ofisi. Mado alikuwa amezipiga mwenyewe kwa muda wa siku tisa, akipanda pikipiki kwenda vijiji vya njia ya Kabambare na kurudi hadi mitaa ya Kasongo, akimsimamisha kila mtoto mbele ya ukuta na kumwomba asicheke sana. Ni watoto waliopotezana na wazazi wao wakati watu walipokimbia mapigano. Sasa walikuwa wanalelewa na familia zilizowaokota njiani, na chama kidogo alichofanyia kazi Mado kilikuwa na jukumu moja tu: kupeleka sura zao kule ambako baba au mama angeweza kuziona.

Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka ishirini na miwili kabla magoti hayajamkataza kusimama ubaoni. Chama kilimchukua kwa kuwa, kati ya wamama wote, ni yeye aliyejua kushika kompyuta. Siku hiyo alikuwa na mwanzo wa homa, na mgongo ulikuwa bado unamkumbusha kila shimo la ile barabara.

Alichomeka kamera, na programu ya kupanga picha ikazimwaga zote kwenye kioo, ndogo ndogo, zimejipanga kama maharage juu ya ungo. Zilizolala ubavu alizigeuza moja moja zikasimama. Za ziada, ambazo mtoto alifumba macho, alizifuta, ikabaki moja kwa kila mtoto. Sura zilizoingia kivulini akaziongezea mwanga. Chini ya kila picha akaandika namba, jina kama mtoto alilijua, miaka ya kukisia, mahali alipookotwa na nani anayemlea. Kisha akaziwekea alama zote ishirini na sita na kubonyeza kile kibahasha cha kutuma kwa barua pepe, na programu ikamuuliza swali lake: kubwa, za kati, au ndogo?

Alichagua kubwa. Alingoja tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, na mwisho wa kungoja likaja neno la kwamba haikuwezekana. Akachagua za kati, akazigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikwenda, la pili likakwama. Wingu likaja likakaa juu ya jua, na betri ya sola ikaanza kupiga kelele yake ya njaa. Kwa simu isingewezekana: chama kilikataza sura za watoto hawa kuzunguka kwenye simu za watu. Zilitakiwa kwenda kwa barua pepe tu, mpaka kwa Kamaldine, mzee wa Salamabila mwenye chumba cha kompyuta, ambaye angezichapa na kuzibandika ndani ya ofisi ya mtaa, mahali wachimbaji wa dhahabu na wake zao hupita kutafuta habari za kwao.

Mado alitazama taa nyekundu ya betri. Akaanza upya na zote, akabonyeza "ndogo".

Zilikwenda kwa dakika nne. Alifunga kompyuta bila kuzifungua aone zimekuwaje, akaenda nyumbani kulala.

Siku kumi na mbili baadaye, mwanamke mmoja alisimama mlangoni mwa ofisi, vumbi jekundu limemfunika mpaka kope. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mama Mado njo wewe?"

"Njo miye. Karibu, mama. Ingia ukae."

"Sitakaa. Miye ni Nsimire, natoka Salamabila. Siku tatu kwa piki. Nimekuja kumuchukua mutoto wangu." Akaifungua karatasi na kuweka kidole juu yake. "Huyu hapa. Namba kumi na ine. Ni Sonia wangu."

Kumi na nne alikuwa msichana asiyejua jina lake mwenyewe, aliyeokotwa karibu na kivuko cha Luama. Mama aliyemlea, Régina, alimpa jina la Marie-Louise kwa sababu ilibidi aitwe jina fulani. Homa yote iliyobaki mwilini mwa Mado ilimtoka. Katika miezi minane ya kazi hii, hakuna mzazi hata mmoja aliyekuwa amefika. Alichukua kitambaa chake, akafunga ofisi, na wale wanawake wawili wakashuka pamoja mpaka nyuma ya soko. Nsimire alikuwa anasema bila kupumzika: Sonia alikuwa na miaka mitatu walipopotezana, sasa ana mitano, alipenda ndizi za kuchoma, alikuwa anaogopa kuku.

Régina alikuwa anapepeta mchele uani. Msichana alikuwa amekaa karibu naye, anaokota chembe zilizodondoka.

Nsimire alisimama ghafla, kama mtu aliyegonga kamba. Alimtazama mtoto. Mtoto naye akamtazama, kisha akarudi kwenye chembe zake. Nsimire alisogea, akachuchumaa, akainua ile sura ndogo kwa vidole viwili, akaigeuza kushoto, akaigeuza kulia.

"Haiko yeye," akasema.

Régina aliweka ungo chini.

"Haiko yeye," akarudia, pole pole, kana kwamba anamweleza mtoto. "Lakini nilimuona. Kwa ile karatasi nilimuona Sonia."

Mado aliiomba karatasi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona kile alichokuwa amekituma. Sura ya mtoto haikuzidi kisanduku cha kiberiti. Kamaldine, ili zionekane kwa mbali, alikuwa amezivuta picha kabla ya kuzichapa, na kuvuta huko kulizipasua zikawa vidonge vidonge vya kijivu. Macho yalikuwa madoa mawili, mdomo ulikuwa kivuli. Mama yeyote aliyetaka kumwona mtoto wake mle angemwona.

"Kosa ni langu," Mado alisema. "Foto zilikuwa nzito, zilikataa kwenda. Nikazipunguza."

Nsimire aligeuza kichwa. "Ulipunguza nini? Sura ya mutoto?"

Hakusema kwa hasira, na Mado angefurahi kama angekuwa na hasira. Matusi angeyapokea, alikuwa ameyapokea mengi maishani mwake. Lakini Nsimire alikuwa amechoka tu, na yeye pia alikuwa amechoka, na walisimama katika ule ua kama watu wawili waliobeba mzigo mmoja na hakuna anayejua wa kuutua kwanza.

"Zile zenyewe ziko?" Nsimire akauliza baadaye. "Zile za kwanza, zenye hazijapunguzwa?"

"Ziko kwa ordinatere ya ofisi. Zote."

"Basi unionyeshe."

Walirudi ofisini. Mado aliwasha kompyuta, akafungua programu, akavuta kiti cha pili, akaanza kufungua picha moja moja, kila moja ikijaza kioo chote. Sasa kila kitu kilionekana: kovu la tetekuwanga, jino lililong'oka, uzi wa hirizi shingoni. Nsimire aliangalia kila sura bila haraka. Alitikisa kichwa. Mado akabonyeza. Alitikisa kichwa tena. Wavulana nao aliwaangalia. Hakutaka hata mmoja arukwe, na Mado hakumuuliza sababu. Ya kumi, ya kumi na moja. Kwenye ya kumi na nne alifumba macho mpaka ilipopita.

Kwenye ya kumi na tisa, ya mvulana asiyejua jina lake, alishika ukingo wa meza.

"Rudisha nyuma. Pale. Huyu." Akainama mpaka pua ikakaribia kioo. "Huyu ni Junior. Junior wa Muhindo! Tulikaa nao ukuta kwa ukuta. Angalia sikio lake, alizaliwa nalo limekunjwa hivi."

"Uko hakika, mama?" Mado aliogopa swali lake mwenyewe.

"Mama yake alipougua, nilimunyonyesha miye. Muhindo, baba yake, tulisimama naye mbele ya ile karatasi siku moja, bega kwa bega. Alisoma mpaka chini, akasema hayuko, akarudi kwa shimo lake la dhahabu."

Mado hakutaka kufikiria hilo. Alikata picha pembeni, akaacha kichwa na mabega tu, sikio likiwa katikati. Programu ikauliza swali lake, naye akachagua kubwa. Picha moja, barua moja. Ilijikokota kwa saa nzima na nusu. Wakati huo wote Nsimire hakuondoa macho kwenye kile kimstari cha kijani kilichokuwa kinajaa. Ilipofika mwisho hawakushangilia. Nsimire aliuliza tu kama kuna maji ya kunywa.

Halafu zikaangaliwa zilizobaki, mpaka ya ishirini na sita. Sonia hakuwemo.

Nsimire alilia wakati huo, kichwa juu ya meza, karibu na kamera. Mado aliacha alie. Baadaye alifungua daftari, akaandika kila alichoambiwa juu ya Sonia: miaka mitano, alama ya moto kwenye goti la kushoto, alipotea kwenye njia ya Kabambare, anaogopa kuku. Picha ya Sonia haikuwepo. Iliungua pamoja na nyumba.

Pikipiki ya kurudi haikuwepo mpaka siku ya nne, kwa hiyo Nsimire alilala kwa Mado, na mchana alikaa ofisini kwenye kile kiti cha pili. Mado alikuwa ameanza kazi upya: kukata kila picha ibaki sura, kuituma peke yake, kungoja, kuanza nyingine. Siku ya jua walipitisha tano, siku ya mawingu mbili. Alipojaribu ukubwa wa kati ili waharakishe, Nsimire aliikagua na kusema, "Huyu, mama yake hatamujua. Weka kubwa." Au: "Huyu inatosha, macho yanaonekana." Mado alimtii. Hakumjua mtu mwingine katika Kasongo yote mwenye haki kubwa zaidi ya kuamua.

Siku ya tatu Kamaldine alipiga simu. Alikuwa amempelekea Muhindo ile picha mpaka shimoni kwake, na yule mwanaume aliketi chini kwenye tope, akaishika kwa mikono miwili, akauliza mara sita kama Kasongo ni mbali.

Nsimire aliondoka kesho yake alfajiri. Mado alimfungia mihogo ya kuchemsha ya njiani. Walishikana mikono, na hakuna aliyeahidi kitu.

Muhindo alifika baada ya siku tano, amenyolewa, amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Alisema walikutana na Nsimire kwenye kivuko cha Luama, yeye anakuja na yule anarudi.

"Alikuambia nini?" Mado akauliza.

"Alinishika mukono tu. Akasema: enda, yuko."

Walishuka pamoja mpaka nyumba alikolelewa Junior. Junior hakumkumbuka baba yake. Alijificha nyuma ya mama aliyemlea, akachungulia kwa jicho moja. Muhindo hakumvuta. Aliketi chini kwenye vumbi na shati lake jipya, akaanza kumwita kwa Kinande, taratibu, majina ya utotoni, moja baada ya jingine, kama mtu anayejaribu funguo mlangoni. Saa moja ilipita. Kwenye jina fulani, ambalo Mado hakulisikia vizuri, mtoto alitoka, akasimama hatua mbili kutoka kwake, akalirudia lile jina.

Mado hakungoja zaidi. Magoti yalikuwa yanamuuma, jua lilikuwa bado linatosha, na picha nane zilikuwa hazijakwenda. Alipanda pole pole kuelekea ofisini.