Vitambaa kwenye Kamba ya Lamunu

Pale kwenye kambi ya jeshi Kasese mwanamke hakuwa na siri, maana kamba zetu zote za nguo zilikuwa katika uwanja mmoja. Ukianika vitambaa vyako vya mwezi, Robinah, mke wa afande, ameshaviona. Sikumpenda mwanamke yule tangu siku ya kwanza.

Mimi Naome, mke wa askari, nilikuwa na watoto sita na nimechoka. Jirani yangu Lamunu, Mwacholi wa kaskazini, alikuwa na miaka minne ya ndoa bila hata mmoja. Basi sote wawili tulikwenda kwa Marie-Louise, Mkongo aliyeuza vitenge Bwera mpakani na kufundisha wanawake parokiani.

"Mama, mujiangalie kila siku," alituambia. "Damu ikiisha, unakauka. Kisha ute inakuja, nzito, ya kunata. Siku inateleza na kuvutika sawa maji ya yai, mulango iko wazi. Mwenye hataki mutoto, akimbie bwana yake. Mwenye anataka, asikimbie!"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Hiyo ilikuwa 1971, na sikumbuki kama tulicheka tena.

Baada ya mapinduzi ya serikali, wanajeshi wa Kiacholi walianza kuitwa mmoja mmoja, na aliyeitwa hakurudi. Kataliko, mwenye lori la Bwera, akakubali kumvusha Olanya, mume wa Lamunu, hadi Kongo siku ya Jumanne. Asubuhi hiyo hiyo Lamunu alinijia mbio, uso unang'aa, akiachanisha vidole viwili kunionyesha ute ulivyovutika.

"Nimemwomba angoje lori ya Ijumaa," alisema. "Naome, akienda leo, mimi nitabaki na nini?"

Olanya alimpenda mkewe, akangoja. Alhamisi walimchukua akiwa ananyoa ndevu, povu bado shavuni.

Wiki zikapita, damu ya Lamunu isije. Ndipo ikatoka amri: wake za waliochukuliwa wapande treni warudi kwao, ila wenye mimba wabaki kwanza waulizwe maswali. Tulishajua maana ya kuulizwa maswali. Kazi ya kuwatambua akapewa Robinah.

"Lamunu, kamba yako iko tupu," alimwambia huku akitabasamu. "Mwezi hii imekusahau?"

Kulipopambazuka nikatoa vitambaa vyangu vyenye madoa yasiyotoka, nikavilowesha na kuvianika kwenye kamba ya Lamunu. Robinah akapita, akatazama, akaenda zake. Saa nne Lamunu alipelekwa stesheni pamoja na wenzake. Aliponiaga aliushika mkono wangu akauweka tumboni mwake mara moja tu, haraka, asije akaonekana. Nililia kwa furaha, kusema kweli.

Nilikuwa naanua vile vitambaa niliposikia kandambili nyuma yangu.

"Naome," Robinah alisema, "hii ya upindo nyekundu si ilikuwa kwa kamba yako juma ilipita?"

"Nilimwazima, mama."

"Kitambaa ya damu? Watu wanaazimana?"

Siku zote nilijifunza kuusoma mwili wangu, kumbe na yeye alikuwa akiusoma, kamba baada ya kamba.

Hakupiga kelele. Alikichukua kile kitambaa mkononi mwangu, akakikunja vizuri, akaelekea ofisini kwa mumewe. Nikatega sikio upande wa stesheni. Treni ilikuwa bado haijapiga honi ya kuondoka.