Mama Nani?

Ukungu ulikuwa umelala juu ya mahindi ya kijiji cha Ziwa, na Musimbi alipita ndani yake asijue kama anatembea au anaota. Profesa mmoja mgeni alikuwa amemwajiri kule Eldoret aulize watu swali lile lile, tena na tena: wamalizie maneno "Mimi ni..." Anayejitaja mwenyewe, hodari au mpole, huwekwa upande wa wanaojisimamia. Anayetaja watu wake huwekwa upande wa jamii. Eti hivyo ndivyo binadamu anavyopimwa. Haya basi!

Miaka hiyo ya chama kimoja, mgeni mwenye maswali alidhaniwa kachero. Lakini Mama Kimutai, mjane mfugaji, alimkaribisha jikoni akamtilia maziwa ya kibuyu yanayonukia moshi. Aliposikia swali, alicheka.

"Ati mimi ni nani? Binti, umekunywa maziwa yangu na hujasema wewe ni nani. Hapa mgeni ndiye hutangulia kujitaja. Sema."

Musimbi akafumba macho. Joto la moto lilimlegeza.

"Mimi ni karani. Mimi ni mrefu. Mimi ni hodari wa kupiga taipu. Mimi ni..."

Lo, kumbe yeye mwenyewe yuko upande wa wanaojisimamia! Na hakuzaliwa hivyo. Tangu amzike mtoto wake, majirani wa mtaa wake wa West Indies, kule Eldoret, waliacha kumwita Mama Joash. Walimwonea huruma, wakamwita Musimbi tu, na kila walipomwita hivyo moyo ulimuuma. Alilitamani lile jina kuliko kitu chochote, lakini angemwomba nani?

"Mimi ni mama," akanong'ona.

"Mama nani?"

"Joash. Lakini alikufa."

"Pole sana, mwanangu." Mama Kimutai akamshika mkono. "Lakini sikuuliza kama yuko. Niliuliza mama nani."

Musimbi akalia, akalia mpaka moto ukafifia, na mama yule hakumnyamazisha.

Alipoondoka, ukungu ulikuwa bado haujainuka. Alikuwa amekaribia barabara aliposikia sauti kutoka nyuma, asione nyumba wala mtu.

"Mama Joash! We, Mama Joash! Umesahau kalamu yako!"

Musimbi alisikia vizuri sana. Hakuitika. Alisimama pale pale kwenye ukungu, akangoja aitwe tena.