Mdiria na Kokoro

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresma zilikutana, harusi zikakatika Mwanza nzima, na mimi mpiga picha za harusi nikabaki kupangusa lenzi. Sikukubali mkono ulale. Kila asubuhi nilishuka ziwani, upande wa Butimba, kumvizia mdiria, yule ndege anayejitupa majini kama jiwe. Ukiweza kumnasa huyo, bibi harusi akirusha ua hakuponyoki.

Kila siku niliambulia maji matupu. Leo nikampata: picha kali, dagaa mdomoni.

"Wewe dada! Unampiga picha nani?"

Mvuvi mmoja alinijia mbio na kasia mkononi. Wenzake wakanizingira.

"Ndege," nikamjibu.

"Hebu nione."

Nikamwonyesha. Nyuma ya ndege alionekana yeye mwenyewe, waziwazi, akivuta kokoro, wavu uliopigwa marufuku.

"Nani kakutuma? Maofisa wa uvuvi?"

"Sijatumwa na mtu! Nafanya mazoezi, na nyie mnaniharibia!"

"Ifute, la sivyo kamera inaingia ziwani."

Nikaifuta mbele yake. Akasonya, wakaondoka.

Hakujua kwamba picha iliyofutwa hurudishwa, mradi usipige nyingine kwenye kadi ile ile. Papo hapo mdiria akapanda tena, akasimama hewani mbele yangu, jua likimmulika vizuri.

Kwa mara ya kwanza tangu mfungo uanze, sikuinua kamera.