Bomba la Pamoja

Kishikilio kilichobana bomba la maji machafu chini ya sinki la jiko letu la pamoja kilikatika mwezi wa Septemba, na kufikia Novemba tulikuwa tumekijadili kwa kina. Nyumba yetu iko Aarhus, nchini Denmark, ina familia kumi na mbili, na hakuna anayeamua jambo peke yake. Ndiyo sababu nilihamia pale nilipomaliza chuo. Nilikuwa nimechoka kuambiwa kwamba watu hawawezi kuishi kwa kusikilizana. Hawa walisikilizana mpaka kuta zikaota ukungu.

Chini ya jiko hilo, kwenye chumba chake, jirani yetu Vibeke alishona magauni ya harusi. Bomba lilining'inia, kiungo chake kikajichomoa kidogo kidogo, na kila sinki lilipozibuliwa, maji yalitafuta njia ya kwenda darini kwake. Akaweka ndoo yake mwenyewe chini ya kiungo, akawa anapanda kila asubuhi kuimwaga. Sisi wengine tuliona kabati kavu, tukasema hali imetulia. Lakini mezani kwake kulikuwa na gauni la hariri nyeupe ambalo bibi harusi angelifuata Jumamosi moja ya Novemba. Tone moja la maji ya sufuria lingetosha kuliharibu.

Kwenye mkutano wa Oktoba aliomba kishikilio kipya na mpira mpya wa kiungo. Gunhild wa kamati ya mazingira akauliza kama ni lazima kiwe cha plastiki. Esben wa kamati ya maji akasema bomba ni la kamati yake, ila kishikilio hufungwa kwenye kabati, na kabati ni la kamati ya jiko. Ditlev, mwenyekiti wetu, mtu mpole kiasi kwamba hata hasira zake huzitoa kwa tabasamu, akafunga mjadala.

"Vibeke, mwenzetu, hatutaki bomba lirekebishwe tu," alisema. "Tunataka tulirekebishe pamoja."

Tukapunga vidole hewani, ndivyo tunavyokubaliana, na bomba likabaki vilevile.

Wiki iliyofuata Vibeke alitafuta kishikilio mwenyewe, akakifunga. Kesho yake alikikuta kwenye kitasa cha mlango wake, ndani ya mfuko wa karatasi uliochorwa moyo. Esben alikuwa amekifungua kwa upole mkubwa, skrubu zote zimo. Sheria kwamba mtu asiguse mali ya pamoja peke yake aliipendekeza Vibeke mwenyewe, mwaka ule jirani mmoja alipopaka mlango mkuu rangi ya zambarau.

Alhamisi ya mkutano wa Novemba, tulipomaliza kula, Vibeke aliingia amelibeba gauni mikononi kama mtoto aliyelala. Akalitundika kwenye rafu ya vitabu, juu kabisa. Kisha akafungua kabati la sinki, akatoa ndoo yake, akaketi nayo mapajani.

"Ndoo unaitoa, dada?" Gunhild aliuliza.

"Si mlisema hali imetulia?"

Mikutano yetu huanza kwa wimbo. Wa siku ile ulikuwa na beti nane, na Mdenmaki hakatizi wimbo hata nyumba ikiungua. Kwenye ubeti wa pili Gunhild, huku akiimba, alizibua sinki lililojaa maji ya vyombo. Bomba likachomoka kwa kishindo. Kila mtu aliinamia kitabu chake cha nyimbo. Kwenye ubeti wa nne maji ya kijivu yenye maganda ya viazi yalichungulia chini ya mlango wa kabati. Kwetu viatu huachwa mlangoni, kwa hiyo yalitukuta na soksi. Esben alipanda kiti bila kupoteza sauti yake. Beti zote nane tulizimaliza.

Ditlev akainua mguu mmoja, soksi ikidondosha maji.

"Naona kuna hoja ya dharura," alisema.

"Ya kamati gani?" Vibeke akauliza.

"Vibeke, tafadhali."

"Nauliza tu, jirani. Nisije nikagusa mali ya watu."

Vidole vilipunga haraka kuliko siku zote, hata vya Esben kule kitini. Vibeke alitoa ule mfuko wenye moyo, sasa ukiwa na mpira mpya pia, akaingia kabatini mpaka kiunoni, nasi tukamwangazia kwa simu. Alibadilisha mpira, akasukuma bomba hadi mwisho, akakaza nati kwa mkono, kisha akalibana bomba kwenye ubao, likiteremka kidogo kuelekea ukutani. Akamwambia Gunhild amwage maji. Hayakuvuja. Kazi nzima ilikuwa fupi kuliko wimbo.

Ditlev alisimama katikati ya dimbwi akatushukuru sote. Machozi yalimlenga, na nadhani yalikuwa ya kweli, akisema kwamba leo tumeona watu wanaweza nini wakishikamana. Tukapiga makofi. Nami nilipiga, soksi zikininata miguuni, na hadi leo natamani maneno yale yangekuwa kweli.

Vibeke akalitungua gauni lake, kavu kabisa, akaning'iniza ndoo kwenye kiwiko na kuelekea ngazini.

"Dada, tuachie basi hiyo ndoo," Esben alimwambia. "Tukaushe sakafu pamoja."

Vibeke alisimama mlangoni akivaa viatu.

"Iombeni," alisema. "Mkutano wa Desemba."