Chuma na Kalsiamu Glasi Moja

Nimefundisha kemia miaka thelathini na mmoja, na sikuwahi kuharibu jaribio kwa makusudi mpaka mwaka huu.

Damu yangu ilipopungua, binti yangu, ambaye ni nesi ng'ambo, alinitumia makopo matatu ya unga: madini ya chuma, kalsiamu na vitamini C. Akaniandikia kwa herufi kubwa, utadhani mimi ni mtoto wa chekechea: CHUMA ASUBUHI. KALSIAMU JIONI. USICHANGANYE. Vikiingia tumboni pamoja, kalsiamu hukizibia chuma njia. Kisha akasema kwenye simu, "Baba, damu isipopanda kwa miezi mitatu, naomba likizo nije nikae na wewe."

Hapo ndipo alipokosea. Mama yake ametutoka mwaka wa nne sasa. Nyumba ina vyumba vitatu, nami natumia kiti kimoja. Kuna siku napiga chafya na kushtuka, maana ndiyo sauti ya kwanza humu ndani tangu kupambazuke.

Basi kila asubuhi nikawa natia chuma na kalsiamu kwenye glasi moja. Maji yanakuwa rangi ya matope na unga unazama chini, mkaidi kama kidato cha pili. Vitamini C niliiongeza kwa raha yangu tu. Ile ni asidi, na kalsiamu ya kopo ni chokaa. Vikikutana majini hutoa gesi, povu likapanda, glasi ikalia shiii. Naona aibu kusema, lakini nilikuwa naisalimia. "Umeamkaje?" Nayo inajibu kama dakika moja hivi, mpaka povu linaisha. Kisha nakunywa huku nimekunja uso.

Binti akiuliza, nilidanganya bila kupepesa macho. "Nakunywa kimoja kimoja, mama, kama ulivyoandika." Nikatandika kitanda cha chumba chake. Nikanunua na mto mpya.

Mwezi wa tatu nikaenda kupima. Mpimaji wa maabara niliwahi kumfundisha. Alikuwa akikaa dawati la mbele.

"Shikamoo mwalimu. Hongera, damu imepanda vizuri tu."

"Pima tena."

"Nimepima mara mbili. Kwani unakunywaje?"

Nikamweleza, kwa hasira. Akacheka mpaka akashika meza. "Kalsiamu inakizuia chuma, ni kweli. Lakini vitamini C inakisaidia kupita. Hiyo ndiyo iliyokuokoa, mwalimu."

Mambo ya gesi nayajua hata usingizini. Ya tumbo nilimwachia mwalimu wa baiolojia. Ile dakika moja ya kupiga soga na glasi ndiyo iliyonikosesha mwanangu.

Majibu alitumiwa yeye moja kwa moja. Alishapanga hivyo na maabara, ananijua.

"Baba! Nimefurahi mno!" alisema jioni hiyo. "Likizo nilishaomba, lakini sasa naifuta, nitaichukua mwakani."

Nilifungua mdomo nimwambie njoo, mwanangu, upweke umenishinda. Nimesema mbele ya wanafunzi arobaini maisha yangu yote bila kukwama, na hilo moja halikutoka.

"Baba, upo?"

"Nipo."

"Endelea hivyo hivyo unavyokunywa. Usibadilishe kitu, sawa?"

"Sitabadilisha," nikasema.