Gurudumu la Mbele

Adalbert, shemeji yake Ghislaine, alikuja mtaa wa Kadutu asubuhi kudai pikipiki ya marehemu mume wa Ghislaine irudi kwa ukoo.

"Maman Ghislaine, iyi piki-piki inakushinda. Hata gurudumu ya mbele yenye pancha huwezi kuitoa peke yako."

"Nikiitoa bila kuangusha piki-piki, utaniachia?"

Adalbert akacheka mpaka majirani wakatoka nje. "Nitakuachia!"

Ghislaine akafanya ishara ya msalaba. Marehemu alipokuwa akiitengeneza, yeye alikaa pembeni akiangalia. Kiwanja chao kiliteremka, kama vyote vya kilima kile, basi akaigeuza pikipiki itazame juu, isije ikaserereka mbele na kujitoa kwenye béquille, ile miguu miwili ya katikati. Akaisimamisha, akaifunga miguu hiyo kwa kamba kwenye chuma cha mbele cha fremu ili isikunjike.

"Unaifunga sawa mbuzi?" Adalbert akauliza.

"Mbuzi haiwezi kukuvunja mguu, shemeji."

Akaweka jiwe nyuma ya gurudumu la nyuma, kisha akafunga mfuko wa mchanga kwenye kiti, mwishoni kabisa. Nyuma ikashuka, mbele ikainuka taratibu. Hakuwa na haraka ya kuingiza mkono. Alisukuma gogo chini ya injini kwanza, akaitikisa pikipiki kwa nguvu zake zote. Ikatulia kama altare.

Ndipo akafungua nati, akachomoa ekseli, na gurudumu likamjia mikononi.

"Mungu asifiwe!" Majirani wakapiga vigelegele.

Akamkabidhi Adalbert gurudumu. "Shika, shemeji. Unipelekee kwa fundi wa kuziba pancha. Piki-piki yangu itakungojea hapa."

Adalbert akalibeba.