Bendera ya Matanga

Siku hizo sisi wanawake wa kijiji, kule upande wa Kanyakine, hatukuangalia jua. Tuliangalia bendera. Kituo cha mahomugadi, wenzetu waliopewa bunduki na serikali watulinde, kilikuwa juu ya kilima, kando ya lango la kijiji, na bendera ya Mwingereza ilionekana hadi ng'ambo ya mto, kwenye mashamba yetu ya zamani tuliyohamishwa kwa nguvu. Ikianza kushuka, unaacha jembe na kukimbia, maana ikifika chini lango linafungwa. Aliyechelewa alinyang'anywa chakula alichobeba.

Asubuhi tulichimba handaki la kuzunguka kijiji. Mchana, siku walizopenda wenyewe, walituruhusu kwenda kutafuta chakula. Siku ninayoisema mama yangu alikuwa amelala na homa, na tangu jana yake hakuwa ametia kitu mdomoni. Nyumbani hapakuwa na hata punje ya mahindi.

Kabla hatujatoka, Misheck, homugadi wa lango, alitupanga mstari.

"Mkubwa mmoja wa Wazungu amekufa," akasema. "Leo bendera inakaa katikati ya mlingoti. Hayo ni matanga. Msije mkakimbia kama kuku mkiiona pale."

"Na mimi niliyefiwa na mume, leso yangu niishushe mpaka wapi?" Igoki akanong'ona nyuma yangu. Wanawake wakaziba midomo wasicheke.

Shamba letu lilipakana na la Igoki. Udongo ulikuwa mgumu, na viganja vyangu vilikuwa na malengelenge ya handaki. Nilichimba viazi vitamu kidogo kidogo, nikipumzika kila mara. Ukungu ulifunika kila kitu isipokuwa kile kilima. Kila nilipotazama, bendera ilikuwa pale pale katikati.

"Mwana wa Rwamba, tazama!" Igoki akaniita. "Inapanda."

Kweli ilipanda, ikafika juu kabisa.

"Matanga yamekwisha," Igoki akasema. "Basi bado tuna nafasi. Jaza kiondo, mwanangu."

Nikainama tena. Niliona nikate na ndizi, mama anazipenda zikipondwa. Nilipoinua kichwa, mlingoti ulikuwa mtupu.

Tulikimbia, Igoki akihema nyuma yangu. Lango tulilikuta limefungwa.

"Mlikuwa mmelala huko?" Misheck akauliza.

"Bendera ilipanda!" Igoki akasema. "Tumeiona kwa macho yetu. Nani anafunga lango bendera ikipanda?"

"Ilipanda ili ishuke, mama. Bendera ya matanga haishuki kutoka katikati. Lazima ifike juu kwanza, ndipo iteremshwe. Ndiyo heshima yake."

"Mbona hukutuambia?"

"Hata mimi nimejua leo. Nilianza kuiteremsha tu, Mzungu akanifokea mpaka kamba ikanitoka mkononi."

Misheck alitahiriwa pamoja na kaka yangu Mwiti. Wiki zile za kupona, mama ndiye aliyewapikia uji wote wawili. Mimi sikuwa nimewahi kusema na mtu mwenye bunduki, hata yeye, tangu apewe. Nilitazama miguu yake.

"Kaka Misheck," nikasema. "Ni mama. Hajala."

Misheck aligeuka kutazama kituo. Mzungu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Weka kiondo chini," akasema polepole. "Weka, dada. Ananitazama."

Nikaweka. Igoki akaweka chake, akatema mate kando, tukafunguliwa.

Nilimkuta mama ameketi. Alikuwa amejikaza akawasha moto, na sufuria ya maji ilikuwa inachemka juu ya mafiga.

"Umeleta nini?" akauliza.

"Bendera ilipanda, mama."

Alinitazama akingoja nimweleze. Niliepua sufuria, nikavuta kuni nje, nikazizima kwenye majivu moja moja, zibaki za kesho.